Paka, landilodi na notisi ya mwezi mmoja

Kama kawaida ya huu uzi: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Tunachukua hoja moja inayorushwarushwa kwenye mijadala, tunairudisha ilikotoka, halafu kila mtu aende na maoni yake.

Hoja ya leo mtaicheka kwanza. Je, sheria imlazimishe landilodi kukubali mpangaji mwenye paka au mbwa? Kila ikitajwa, majibu huwa mawili na yote hutolewa kwa kelele. Wa kwanza husema: ploti ni yangu, nimeijenga na mkopo wa benki, hakuna mtu wa kuniambia nani akojolee sakafu yangu. Wa pili husema: hayo ni mambo ya wazungu, watu hapa wanakosa maji na wewe unaleta habari ya paka.

Mimi nilikuwa kwa hilo kundi la pili hadi mwaka wangu wa pili chuoni. Kilichonitoa huko ni paka mmoja wa rangi ya simiti, nitamfikia. Lakini kwanza twende New York, kwa sababu huko ndiko nilipoelewa kilichonipata.

Mwaka ni 1983. Jiji la New York lina uhaba mkubwa wa nyumba, na nyumba nyingi ziko chini ya sheria za kudhibiti kodi. Maana yake, landilodi hawezi kupandisha kodi atakavyo, na hawezi kumtoa mpangaji kwa sababu tu amemchoka. Lakini mpangaji akitoka mwenyewe, anayeingia hutozwa zaidi. Sasa fikiria wewe ndiye mwenye jengo, na kuna ajuza mmoja amekaa ghorofa ya nne miaka mingi, analipa kidogo, halipi kwa kuchelewa, hapigi kelele. Utamtoaje? Unafungua mkataba wake wa zamani na kusoma kifungu kimoja kimoja. Kumbe kuna pale palipoandikwa hakuna kufuga mnyama. Na ajuza ana mbwa! Amekuwa naye miaka, umempita kwenye ngazi ukamwambia hujambo na yeye pamoja na mbwa wake. Leo ndio unashtuka.

Mchezo huu ulienea hadi baraza la jiji likatunga sheria juu yake. Ndani ya sheria yenyewe wakaandika sababu bila kupaka rangi: wenye majengo, huku wakijua kwa muda mrefu kwamba mpangaji ana mnyama, wanakitumia kile kifungu kuwafukuza watu, na mara nyingi sababu ya kweli haihusiani na usumbufu wowote wa mnyama. Dawa waliyotoa ni fupi. Mpangaji akikaa na mnyama waziwazi, bila kumficha, na landilodi au wakala wake akajua, landilodi ana miezi mitatu ya kwenda kortini. Ikipita, kile kifungu kimekufa kwa mnyama huyo. Akileta uharibifu au usumbufu wa kweli hilo ni jambo lingine, anaweza kushtakiwa. Lakini huwezi kukaa na silaha mfukoni miaka mitano ukingoja siku ya kuhitaji.

Nilisoma hiyo sheria usiku mmoja nikiandaa insha ya darasa kuhusu siasa za miji, na nikaacha kusoma nikacheka peke yangu. Ilikuwa hadithi yangu, ila tu mimi sikuwa na New York.

Nilikuwa nimepanga bedsita huko Juja, ghorofa ya tatu, 6,500 kwa mwezi. Panya walikuwa wanapandia kwenye bomba la sinki. Mwezi wa kwanza walikula waya ya laptopu, mwezi wa pili wakaingia kwa unga. Rafiki mmoja wa darasa akanipa mtoto wa paka, nikamwita Simiti. Ubaoni pale getini palikuwa pameandikwa, pamoja na mambo mengine kumi hivi, kwamba hakuna kufuga. Sikumficha. Msimamizi wa ploti alimjua tangu siku ya kwanza, na alikuwa anamwekea mabaki ya omena. Panya wakaisha sakafu nzima. Jirani wa mkono wa kulia alikuwa anakuja kumkopa wikendi, kama vile watu hukopa pasi.

Miezi saba ikapita. Halafu maji yakapotea. Wiki ya kwanza tukavumilia, wiki ya tatu tukaandika barua kwa mwenye ploti tukiomba atuletee boza au apunguze kodi ya mwezi huo. Mimi ndiye niliyeiandika, kwa hivyo jina langu likawa la kwanza kwenye orodha ya sahihi. Siku nne baadaye nikapata karatasi chini ya mlango: nimevunja kanuni kwa kufuga mnyama, nihame mwisho wa mwezi unaofuata.

Nikashuka kwa msimamizi.

"Mzee, paka huyu umemjua tangu akiwa mdogo."

"Namjua. Hata leo asubuhi nimempa omena." Alikuwa haniangalii. "Kijana, mimi nimetumwa tu. Ile barua ya maji ungemwachia mtu mwingine atangulie kusaini."

Basi. Hakuna aliyejifanya ni mambo ya paka.

Sasa swali la historia ni hili: kwa nini nchi fulani zimeweza kumlinda mwenye paka na nyingine hazijaweza? Mtu husikia "haki ya kufuga" akafikiri ni watu walioshiba, wanaopenda mbwa kuliko binadamu. Nilipofuata sheria moja moja nikakuta kitu kingine.

Chukua Ufaransa. Tangu tarehe 9 Julai 1970, mkataba wa nyumba ya kuishi ukisema mpangaji asifuge mnyama wa nyumbani, maneno hayo yanahesabiwa kama hayakuandikwa. Unaweza kusaini kwa mikono miwili, hayana nguvu. Masharti ni kwamba mnyama asiharibu jengo na asiwasumbue wanaoishi hapo. Baadaye ukaongezwa ukomo, kwamba mbwa wa aina zile zinazohesabiwa kuwa za kushambulia wanaweza kukatazwa. Lakini angalia ile sheria ya 1970 ilikuwa sheria ya nini. Haikuwa sheria ya wanyama. Ilikuwa ya kurekebisha sheria kubwa ya 1948 kuhusu malandilodi na wapangaji, ile iliyotungwa baada ya vita wakati miji ilikuwa imebomoka na watu hawana pa kulala. Kifungu cha mnyama ni cha kumi, kimeingizwa katikati ya mambo ya kodi na haki ya kubaki ndani ya nyumba. Yaani mpangaji wa Ufaransa alipewa kwanza haki ya kubaki, ndipo miaka 22 baadaye akapewa paka.

Ontario, kule Kanada, ni vivyo hivyo. Sheria ya sasa ya 2006, kifungu cha 14, inabatilisha katazo la wanyama kwenye mkataba. Lakini kabla ya hapo, tangu miaka ya sabini, landilodi wa Ontario alikuwa tayari lazima awe na sababu inayotambuliwa na sheria ili amtoe mtu. Hata hivyo kuna tundu pale ambalo linanifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja: sheria haimkatazi landilodi kumnyima nyumba mtu ambaye bado hajasaini kwa sababu ana mbwa. Kwa hivyo wengi hunyamaza hadi wasaini, kisha mbwa anatokea kama mgeni wa ghafla. Ukiweka haki upande mmoja wa mlango tu, watu watajifunza kudanganya upande ule mwingine.

Uingereza ndio darasa lenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sheria zetu za upangaji tumezitoa huko.

Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza, wafanyakazi walimiminika Glasgow kwenye viwanda vya silaha na vya meli. Malandilodi wakaona nafasi, wakapandisha kodi. Waume wengi walikuwa vitani, kwa hivyo waliosimama mlangoni walikuwa akina mama. Wakagoma kulipa nyongeza. Ofisa wa korti akija kutoa mtu, kengele inapigwa, wanawake wanajaa ngazi, na yule ofisa anarudi na unga kichwani. Kabla mwaka haujaisha serikali ikatunga sheria ya kurudisha kodi za nyumba ndogondogo pale zilipokuwa vita vilipoanza, Agosti 1914, na kufanya iwe vigumu kumtoa mpangaji anayelipa. Miaka yote iliyofuata, mpangaji Uingereza alikuwa na ulinzi, mara mkubwa mara mdogo. Hadi 1988. Sheria ya nyumba ya mwaka huo ilileta kifungu mashuhuri cha 21: landilodi anatoa notisi ya miezi miwili na hana haja ya kutoa sababu yoyote.

Shika hicho kifungu halafu uje mwezi wa Januari 2021. Serikali ya Uingereza inatoa mkataba wa mfano kwa upangaji wa kibinafsi. Ndani yake, kukubali wanyama ndio hali ya kawaida. Landilodi asiyetaka anapewa siku 28 kueleza sababu nzuri kwa maandishi. Magazeti yakaandika, wenye mbwa wakashangilia. Lakini ulikuwa mfano tu, hakuna aliyelazimishwa kuutumia. Na hata angeutumia, kifungu cha 21 kilikuwa hai. Mpangaji anaomba paka, landilodi anakubali kwa tabasamu, baada ya muda anatuma notisi ya miezi miwili isiyo na sababu. Utamshtaki kwa nini? Hakusema ni paka.

Ndiyo maana walipokuja kulifanya jambo hili kwa dhati, kwenye Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025, walifunga vitu viwili kwa kamba moja. Kifungu cha 21 kinafutwa, na mpangaji anapata haki ya kuomba mnyama bila kukataliwa pasipo sababu ya maana, tena jibu ndani ya zile siku 28. Tarehe ya vyote viwili kuanza kwa upangaji wa kibinafsi nchini England ikawekwa 1 Mei 2026. Palikuwa na mvutano kuhusu nani alipe mnyama akiharibu. Mswada ulianza na wazo kwamba mpangaji anunue bima ya mnyama, likaondolewa. Bunge la juu likataka dipoziti ya ziada kwa ajili ya mnyama, bunge la chini likakataa, likisema dipoziti iliyopo, ambayo kwa nyumba nyingi haizidi kodi ya wiki tano, inatosha. Hapo mimi sikubaliani nao sana. Nikiwa landilodi wa vyumba vinne, mwenye mbao sakafuni na mbwa mkubwa juu yake, ningependa kitu cha kushika. Dipoziti kidogo ya ziada inayorudishwa haimuui mtu.

Turudi nyumbani. Je, sisi tuko mwaka gani kwenye hiyo kalenda?

Mji wetu ulianza vibaya. Nyumba ambazo ukoloni uliwajengea Waafrika Nairobi zilihesabiwa kwa nafasi ya kitanda. Mwanamume alichukuliwa kuwa kibarua asiye na mtu, bibi na watoto wakabaki ushago. Mwenye nyumba, awe ni manispaa au reli, ndiye aliyeamua nani alale na nani ndani ya chumba. Kwa hivyo mtu akiniambia swali la "nani anaweza kuishi na mimi" ni anasa ya kigeni, namwomba aulize babu yake. Tuliwahi kukatazwa familia kabla hatujafika kwa wanyama.

Halafu ikaja sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, ya mwaka 1959, mjukuu wa ile ya Glasgow. Ni sheria nzuri ukiisoma. Mpangaji anayelindwa nayo hatolewi bila idhini ya baraza maalum, na sababu zimetajwa: hujalipa, umevunja masharti, umekuwa kero kwa majirani, na kadhalika. Paka akiwa kero, landilodi aje athibitishe. Tatizo ni mstari mmoja. Inawalinda wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hebu nionyeshe bedsita ya 2,500 Juja. Wakati ule kiwango kinawekwa zilikuwa pesa. Kodi zikapanda, kiwango kikabaki kimekaa pale, na mwaka baada ya mwaka watu wakaanguka nje ya sheria bila bunge kupiga kura yoyote ya kuwatoa. Hii kwangu ndiyo namna ya kuua haki bila kelele. Huifuti. Unaiacha tu nambari ilale.

Aliye juu ya 2,500, asiye na mkataba wa muda maalum, anaangukia Sheria ya Ardhi ya 2012. Hiyo inasema upangaji wa vipindi unaweza kukatishwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja. Unalipa kwa mwezi? Notisi ya mwezi. Sababu haihitajiki. Kwa hivyo mwenye ploti yangu hakuwa hata na haja ya kumtaja Simiti. Alimtaja kwa adabu tu.

Sasa sikiliza kitu ambacho darasani kilinifanya nimwombe mwalimu arudie. Chini ya jengo lilelile kulikuwa na duka la mama mmoja, unga, maziwa, kredo. Mkataba wa maandishi hana, amekuwa akilipa tu kila mwezi. Yeye analindwa na Sura ya 301, sheria ya 1965 ya maduka, hoteli na mikahawa. Kwa duka kama lake landilodi lazima atoe notisi ya angalau miezi miwili, kwa fomu maalum, aandike sababu inayokubalika kisheria, na mama anaweza kupinga mbele ya baraza. Kumbe katika jengo moja, gunia la unga lina usalama kuliko kitanda. Mwaka 2021 kulikuwa na mswada wa kuunganisha Sura ya 296, Sura ya 301 na ile ya kukamata mali ya mpangaji kwa deni la kodi, ziwe sheria moja. Ukisikia mtu jukwaani anazungumzia "haki za wapangaji", hapo ndipo pa kumuuliza maswali, kabla hajafika kwa paka.

Nijue nitajibiwa, kwa hivyo nijibu mbili tatu mapema.

Wa Pwani wataniambia nisichanganye paka na mbwa, na wako sawa. Lamu paka anatembea mitaani kama mwenye mji, anaingia hadi uani na hakuna anayeuliza. Lakini kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi pale, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba kina namna yake ya kuoshwa. Nyumba za Mji wa Kale Mombasa zimebanana ngazi kwa ngazi. Sheria inayosema "mnyama" kwa ujumla, iliyoandikwa na mtu wa Nairobi, itamlazimisha jirani kupita kila asubuhi mahali ambapo hawezi kupita kwa amani kabla ya swala. Hiyo ni sababu ya maana ya kukataa, na sheria yoyote itakayotungwa hapa iitaje waziwazi.

Kuna kichaa cha mbwa pia. Karibu kila mtu anayekufa kwa ugonjwa huo aliupata kwa mbwa, na Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuumaliza kufikia 2030. Kinga yake inajulikana: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Watu hutumia jambo hili kupinga mbwa kwenye ploti. Mimi naliona kinyume. Mbwa anayefichwa chumbani kwa sababu ya ubao wa getini hatatolewa nje siku ya chanjo. Ruhusa yenye sharti la kadi ya chanjo ingemleta barazani.

Na wale wa "nyumba ni yangu", Katiba iko nanyi kifungu cha 40, mali inalindwa. Iko na mimi pia kifungu cha 43, haki ya makao ya kutosha. Mahakama zitakuja kuvipima hivyo viwili siku moja. Lakini hata mahakama ikisema paka ni haki yangu, bila sababu kuwa lazima kwenye notisi, nitashinda kesi Jumatatu na nihame mwisho wa mwezi. Ndiyo maana nikiulizwa kama naunga mkono sheria ya kumlazimisha landilodi akubali wanyama, jibu langu ni ndio, lakini ikija peke yake nitaipigia kura ya hapana. Itakuwa karatasi ya kupigia picha.

Mimi nilihama. Mahali papya mkataba una kurasa mbili na kifungu cha tisa ni hakuna mnyama wa aina yoyote. Nilisaini.

Simiti hakuhama. Siku ya kubeba vitu mama wa duka aliniambia, "Mwanangu, huyo mwache hapa, mimi panya wananimalizia unga." Nilipita juzi kumsalimia. Amenenepa, analala juu ya magunia karibu na mlango. Nikamuuliza mama kama mwenye ploti hajasema kitu.

"Huja hapa kila tarehe tano kuchukua kodi," akasema. "Humsukuma kidogo tu apate pa kukaa."